Akijua Hesabu, Mama Hatapiga

Shangazi mpendwa, shikamoo. Naomba unisikilize mpaka mwisho hata maneno yangu yakiwa marefu, maana mimi si mtu wa kuandika, kazi yangu ni kutengeneza friji, na friji haina maneno mengi, ukiifungua mgongo inakuonyesha yenyewe inapoumwa. Hili la kwangu nimelifungua kila upande na bado sijui nianze kukaza wapi.

Mke wangu yuko nje ya nchi, huu ni mwaka wa pili. Anamtunza bibi mmoja mzee asiyeweza kushuka kitandani peke yake, anamwogesha, anamlisha, anamsomea magazeti, na wanaishi nyumba moja. Kabla ya hapo alikuwa karani wa hesabu katika duka la vifaa vya ujenzi, duka likafungwa, akakaa nyumbani akitafuta kazi mpaka ikapatikana hii, tukakubaliana wote wawili aende. Usinisome kama mume aliyekimbiwa, Shangazi. Anatupenda na sisi tunampenda, na ndiyo sababu inauma hivi.

Tuna mtoto mmoja, binti, yuko kidato cha pili. Sisi tunamwita Kidoti kwa ajili ya alama nyeusi aliyozaliwa nayo pembeni mwa pua, na mtaani mimi ni Baba Kidoti na mke wangu Mama Kidoti, hata wateja wangu hawajui jina lingine. Mama yake alipoondoka, tulijiwekea utaratibu. Kule bibi analala kidogo mchana, na saa hiyo kwetu ni jioni, Kidoti ametoka shule, ameoga, ameshakunywa chai, anakaa mezani na vitabu vyake, anaegemeza simu kwenye kopo la sukari, na mama yake anatokea kwenye kioo akiwa na kile kitambaa chake cha kazi kichwani. Basi hapo ndipo kazi ya nyumbani inaanza. Kidoti anasoma swali, mama anaeleza, Kidoti anaandika, mama anasema hapana futa, anza tena, lete ile namba upande huu, wanacheka, wanagombana kidogo, mpaka daftari linafungwa, na mara nyingi daftari likifungwa bibi naye anaamka na simu inakatwa.

Sasa nikueleze na la kwangu, ingawa linanitia haya. Saa hiyo mimi huacha karakana yangu, iko hapo mbele ya nyumba, nakuja kukaa kwenye kigoda mlangoni mwa jikoni na mota ya feni mapajani, nafungua skrubu, naifunga, naifungua tena ileile, hakuna ninachotengeneza. Namsikiliza mke wangu. Nasikia anavyosema "haya sasa, tulia, hebu tuangalie" kama alivyokuwa akiniambia mimi nikiwa nimekasirika, nasikia anavyovuta pumzi kabla ya kueleza kitu kigumu, na nakwambia kweli, Shangazi, mimi hesabu za kutafuta x na y sikuzipenda tangu nizaliwe, lakini siku hizi mwalimu akitoa maswali machache nahuzunika kuliko mtoto. Mimi na yeye wenyewe tunapopeana zamu ni mmekula, tumekula, na wewe je, nimekula, haya bibi anaita. Sijui ni lini maneno yetu yalikuwa machache hivyo. Nadhani kila mmoja anaogopa akianza kusema hatamaliza, na muda wenyewe ni wa mtoto.

Mwanzoni mwa mwaka shule ilituita wazazi wa kidato cha pili kutueleza jinsi kazi za nyumbani zinavyokwenda. Mwalimu wa darasa lao, ambaye ndiye anayewafundisha hesabu, ni dada mmoja mpole, hata akikukemea utadhani anakujulia hali. Akatupa ratiba ya kubandika ukutani, kila jioni masomo mawili, kila somo nusu saa basi, na akasema kazi ya nyumbani si mtihani, ni mazoezi ya kile kilichokwisha kufundishwa darasani, na yeye anaposahihisha hatafuti alama za vema, anatafuta mahali mtoto alipokwama ili kesho arudi hapo. Akasema jibu lenye kosa la mtoto mwenyewe linamsaidia kuliko jibu zuri la mtu mwingine. Kazi ya mzazi ni meza, taa, utulivu, na sahihi. Mtoto akijaribu kweli akashindwa, mzazi aandike chini yake "amejaribu, amekwama hapa", atie sahihi, wala mtoto hataadhibiwa. Anayebakizwa shuleni baada ya masomo ni yule asiyefanya kabisa au anayenakili. Nilitikisa kichwa pamoja na wenzangu, nikasema haya ni mambo ya wazi kabisa, nikarudi zangu kujaza gesi kwenye friji ya muuza maziwa.

Na nyumbani tukaendelea vilevile. Namwona mama yake anampa jibu zima, nasikia kabisa, na ninakaa kimya.

Kuna jioni moja wakapewa insha, waandike siku wanayoikumbuka. Kidoti akasema hana la kuandika, mama yake akamwambia andika siku niliyosafiri, akaanza kumsomea taratibu na mtoto anaandika. "Asubuhi ile nilifunga sanduku, nikakagua jiko kama limezimwa, nikaingia chumbani, nikasimama pale mlangoni." Akaendelea hivyo, na sauti yake ikawa inashuka, na mimi mlangoni mwa jikoni nimeshika bisibisi kama mtu aliyepigwa picha, kwa sababu mambo hayo hajawahi kuniambia. Kidoti akaweka kalamu chini.

"Mama, lakini mimi nilikuwa nimelala."

Kule upande wa pili nikasikia kiti kikisogezwa. Halafu mke wangu akasema, "Basi, mwanangu. Andika kwamba ulikuwa umelala." Na insha ikaishia hapo, mistari michache tu, wakaingia kwenye hesabu.

Haikupita muda mrefu mwalimu akaniita shuleni. Alinikalisha kwenye kile chumba chao chenye meza nyingi na mabunda ya madaftari, akaniambia kwa upole uleule kwamba madaftari ya Kidoti ya kazi za nyumbani ni safi, kila kitu vema, lakini majaribio ya darasani anarudisha karatasi karibu tupu. Tena akaniambia njia inayotumika nyumbani yeye hajaifundisha, ni njia ya watu wa zamani kidogo, nzuri, lakini si ya darasa lake. Hakuniuliza ni nani. Alisema tu kwamba mtihani wa mwisho wa mwaka ndio unaoamua nani anaingia kidato cha tatu, na kwa karatasi hizi Kidoti haingii, na kwamba huyo anayemsaidia, yeyote yule, amwache mtoto akosee. Akaomba nirudi nimweleze tumeamua nini.

Nilirudi nyumbani kichwa kimejaa nyuki. Kumwambia mke wangu kwamba msaada wake ndio unamfelisha mtoto, sikuweza. Ule ndio umama wake wote uliobaki, Shangazi, hampikii, hamsuki, hamwoni akiumwa, ana x na y tu. Kwa hiyo nikafanya la mtu mwoga. Nikamwandikia kwamba mtandao wa kwetu umeharibika, ujumbe unapita lakini simu ya picha haishiki, mafundi wanashughulika, tuvumilie siku chache. Na Kidoti nikamwambia mama ana kazi nyingi wiki hiyo, jaribu mwenyewe, ukikwama nitaandika kama mwalimu alivyosema.

Jioni ya kwanza alikaa mezani akalia, nikaandika amekwama, nikatia sahihi. Ya pili hakulia. Nikawa natazama kutoka kigodani kwangu, safari hii bila feni wala bisibisi, nikaona mtoto ameegemeza shavu kwenye mkono, kalamu inatembea bila kusimama, hafuti, anageuza ukurasa, na kabla ya nusu saa amemaliza vyote. Siku iliyofuata daftari likarudi, vema mpaka chini, na njia iliyotumika ni ya mwalimu wake, si ya mama yake. Nikafurahi, nikamwambia umeona, kumbe unaweza. Badala ya kufurahi akanikazia macho kama mtu aliyekamatwa.

"Hizi ninaziweza, baba. Siku zote ninaziweza."

Nikamuuliza, kama anaziweza, karatasi tupu za darasani ni za nini. Akakwangua kopo la sukari kwa ukucha. Kisha akanieleza kwamba mwanzoni, mama yake alipokuwa ameondoka tu, alipata alama nzuri katika jaribio, akamwonyesha kwenye simu, mama akafurahi mpaka machozi, akamwambia sasa umekuwa mkubwa, hunihitaji tena. Na jioni zilizofuata simu zikawa fupi, hujambo, umefanya kazi, umeiweza, hongera, soma, kwaheri. Basi akaanza kutoweza. Alianza kidogo kidogo, swali moja, mawili, kisha akaona afadhali na majaribio ya darasani ayaharibu, kwa sababu mama alikuwa akiuliza alama, na alama zikiwa nzuri angejua.

"Nikiziweza, mama atapiga aniambie nini?"

 Nilitoka nje nikasimama karakanani mbele ya friji ya mteja, nikafungua mlango wake, nikaufunga. Niliporudi alinishika mkono, akaniapisha nisimwambie mama yake, kwa kuwa atajiona mjinga au ataudhika, na mimi nikaapa.

Sasa niko hivi. Mke wangu ananitumia sauti kila siku, "mtandao wenu bado tu? Mwambieni Kidoti asiache kufanya hesabu, nitazipitia zote", nami namsikiliza mara tatu tatu, halafu simjibu. Nikimwambia ukweli nitakuwa nimevunja kiapo cha mtoto, na ninamjua mke wangu, anaweza kufunga sanduku kesho na kumwacha bibi wa watu kabla mkataba haujaisha, au anaweza kujilaumu kimyakimya mpaka augue huko aliko asikokuwa na mtu. Nikinyamaza, tutarudi kwenye kopo la sukari na binti yangu ataendelea kujifelisha kwa mapenzi. Na mwalimu ananisubiri. Na juu ya hayo yote, nikiri tu, nyumba jioni imekuwa kimya mpaka nasikia friji yetu ikiwaka na kuzima, na nilichotamani zaidi wiki hii si mtoto wangu afaulu, ni kusikia "haya sasa, tulia, hebu tuangalie". Nifanyeje?

Ni mimi,
Baba Kidoti, Fundi Friji

Shangazi anajibu:

Baba Kidoti, marahaba, na pole. Pole yenyewe ni ya kweli, barua yako imenikalia moyoni tangu nilipoipokea. Sasa tuiweke pembeni tuzungumze.

Umedanganya watu wawili kwa siku moja, mke na mtoto, halafu umekaa kwenye kigoda unashangaa nyumba imekuwa kimya. Umeikata wewe simu hiyo. Huyo mama yuko ugenini, siku nzima anamnyanyua mzazi wa mtu mwingine, na saa moja aliyokuwa akiisubiri umemwambia imeharibikia kwa mafundi wa mtandao. Wewe ni fundi, unajua mteja akigundua umemdanganya ubovu wa friji yake anakuonaje. Acha leo hiihii.

Kile kiapo nacho hukupaswa kukila. Mtoto akikuambia siri ya kuchekesha, itunze. Akikuambia anajiharibia masomo, hapo wewe si rafiki yake, wewe ni baba yake. Lakini usimzunguke. Mketishe, umwambie waziwazi: nilikosea kukuahidi, nitamwambia mama, na nitamwambia mimi, wewe hutahitaji kujitetea. Akilia mwache alie. Atalala vizuri kuliko alivyolala muda wote huu, maana kujifanya mjinga kila siku ni kazi ngumu sana kwa mtoto mwenye akili.

Kisha mpigie mkeo. Usimwandikie na usimtumie sauti, mpigie, tena saa ambayo si ya Kidoti. Anza na uongo wako wa mtandao, uumalize, ndipo umweleze la mtoto. Na uangalie unavyolieleza. Ukisema "mwalimu amelalamika kuhusu wewe", utamvunja. Mwambie alichosema binti yake, neno kwa neno kama ulivyoniandikia mimi. Unaogopa atafunga sanduku. Huenda akalifunga, huenda asilifunge, huyo ni mtu mzima aliyeamua kuondoka akiwa na akili zake na ataamua kurudi akiwa nazo. Mliamua pamoja aende. Huwezi sasa ukaamua peke yako nini anastahili kujua. Na akijilaumu, usimwache ajilaumu akiwa mwenyewe, kaa naye kwenye simu.

Tuje kwenye kazi za nyumbani, maana wazazi wengi wananiuliza na ninyi mmenipa nafasi ya kusema. Mwalimu wenu alisema vizuri, wewe ukatikisa kichwa ukaenda kujaza gesi. Ile kazi ni ya mtoto na mwalimu wake. Mzazi haingii katikati, awe yuko jikoni au yuko ng'ambo ya bahari. Kwa hiyo kuanzia sasa Kidoti atafanya kazi yake peke yake mezani, simu ikiwa chumba kingine, nusu saa na nusu saa kama ratiba inavyosema. Akikwama kweli, andika kwamba amekwama, tia sahihi, lala usingizi. Akimaliza, daftari liingie begini na zipu ifungwe. Hapo ndipo mama apigiwe.

Na hapo ndipo kuna kazi kubwa kuliko hesabu, kwa sababu mama na mtoto hawa wamesahau jinsi ya kuzungumza bila swali la kitabu. Siku za mwanzo watatazamana tu. Usiwaingilie kwa huruma. Kidoti amweleze mama nani kagombana na nani darasani, amwonyeshe nywele alivyozisuka, amlalamikie chakula chako. Mama naye amsimulie huyo bibi, anakula nini, anamsumbuaje, anamwita nani. Wakinyamaza, wanyamaze pamoja. Mkeo anahitaji kusikia kutoka kinywani mwako jambo ambalo mtoto hajathubutu kumwambia, kwamba alama nzuri si ruhusa ya kukata simu.

Ile insha pia isiishie pale. Mama ameshaandika yake, na nadhani alihitaji kuiandika. Kidoti bado ana ya kwake, ya mtoto aliyeamka akakuta nyumba imepungua. Mwambie aandike, si kwa ajili ya alama, na ampe mama yake aisome. Wewe kaa karibu siku hiyo.

Shuleni nenda kesho kutwa, usingoje kuitwa tena. Mweleze mwalimu ukweli mbele ya mtoto, umwombe ampe Kidoti jaribio jingine, ajibu kila analolijua. Usiombe ahurumiwe, hahitaji. Mwalimu aliyeona kwenye daftari kwamba kuna mtu mwingine ndani ya nyumba bila kumtaja jina ni mwalimu mwenye macho, atakuelewa.

Hamu haitawaisha kwa haya yote, nisikudanganye. Mkataba una siku zake na umbali sina dawa yake. Mnachoweza ni kuacha kuificha, kila mmoja na kona yake.

Na sasa wewe, Baba Kidoti. Umeniandikia barua nzima ya mtoto, lakini mwenye hamu kubwa humo ni mwanamume mwenye bisibisi mlangoni mwa jikoni. Mkeo hajui kwamba unasikiliza. Amekaa kule akidhani mumewe ana maneno mawili tu, mmekula na tumekula. Muulize ni saa ngapi asubuhi huwa anakunywa chai yake kabla bibi hajaamka, na saa hiyo uwe unapiga wewe, mtoto akiwa ameshatoka kwenda shule. Sauti ikikukwama, usikate. Atakuuliza kuna nini. Mwambie hakuna kitu, nilitaka kukusikia.